Ukurasa Niliouchana

Ninayo kaye moja ya shule (kwetu Bukavu daftari ni kaye), na kila nikiifungua, pua yangu hupata kwanza uchachu wa bugali wa mihogo. Ukurasa mmoja ndani yake umegandishwa kwa bugali, maana gundi hatukuwa nayo, na mende wamekwisha kula pembe yake. Wanafunzi wanaokuja ofisini kwangu kuniuliza habari za retina, ile ngozi nyembamba iliyo ndani nyuma ya jicho, hudhani nimesahau chakula kwenye droo. Basi kaeni niwaambie ule bugali ulifikaje pale.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa ikiitwa Zaïre, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa juu kidogo ya Nyawera, upande ambao umeme ulikuwa haujafika. Maman alishona nguo sokoni. Papa alikuwa mtu wa mvua: alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti kule Lwiro, na kila asubuhi alisoma maji yaliyoingia kwenye kipimo akayaandika katika rejista. Aliondoka Jumatatu, akarudi Jumamosi na abacost yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitupenda, lakini aliamini rejista kuliko watu. Siku moja mbuzi aliangusha kipimo. Mwingine angebuni tarakimu tu, nani angejua? Papa aliandika "mbuzi" mahali pa tarakimu, akatia sahihi.

"Siku mubaya nayo iko siku," alikuwa akituambia. "Haiwezi kutoka mu rejista."

Mdogo wangu Bahati alikuwa na miaka minane. Mchana alikimbia, alipigana, aliiba karanga za Maman kama watoto wote. Lakini jua likizama nyuma ya vilima, basi, anageuka mtoto mwingine. Akitumwa bombani alirudi na bidoni ya maji nusu tupu na magoti yanayovuja damu. "Sione, Maman," alisema. "Giza iko mingi." Giza gani? Sisi wengine tulikuwa bado tunaona hata kokoto. Ndipo Maman akauliza swali ambalo mtaa mzima uliliona la haki kabisa: "Macho gani haya yanagonjwaka tu saa ya kazi?"

Jumamosi moja Papa alikuta bidoni mpya imepasuka. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kwamba mwisho wa mwezi Bahati ataacha shule, apande Luhwindja kwa tonton, kaka yake Maman, akachunge mbuzi mpaka uvivu umtoke. Luhwindja niliijua. Vilima vyake vimejaa mashimo ya wachimba dhahabu, mengine yamefunikwa na majani, na mbuzi hurudishwa nyumbani saa ileile ambayo Bahati haoni. Nilikuwa namwona tayari ndani ya shimo.

"Papa, Bahati hadanganye," nilisema.

"Unajua je?"

"Najua tu."

"'Najua tu' haiko tarakimu, Nsimire."

Ahaa! Kama ni tarakimu anazotaka, nitampa tarakimu mpaka azikimbie. Mimi ni mbishi, sikatai. Maman husema nilianza kumbishia nikiwa bado tumboni.

Nilichukua vifungo kumi vyeupe kwenye kopo la Maman la ushonaji na kitenge cheusi. Kila jioni, kengele ya parokia ikisha kulia na sisi tukisha kusali, nilitandaza kitenge uani nikatawanya vifungo. Bahati alipaswa kuviokota bila kupapasa, mimi nikihesabu mpaka thelathini. Kisha yeye alitawanya, nami nikaokota. Nilichora mistari kama ya rejista ya Papa: tarehe, Bahati, mimi, na mwishoni nafasi ya maelezo. Bahati viwili, mimi kumi. Bahati sifuri, mimi tisa. Bahati kimoja, mimi kumi, mvua kidogo. Bahati alichoka, akanuna, akasema vifungo vyangu vina uchawi. Nikamwambia anune, lakini aokote.

Juma la tatu, Alhamisi ya Kupaa, Bahati aliokota vyote kumi.

"Kumi, yaya! Kumi!" Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Alikuwa akirukaruka juu ya kitenge. "Andika! Andika kumi!"

Papa akiona kumi, Bahati ni mwongo na Luhwindja inamngoja. Nilimtazama kwa hasira, nusura nimpige kofi. Niliandika kwa sababu alikuwa ameinama begani pangu akitazama kalamu yangu ya biki. Kwenye maelezo, kwa mazoea tu, niliweka: kelele, sherehe ya komunyo. Baadaye, peke yangu, niliuchana ule ukurasa, nikaukunja, nikauficha ndani ya kopo la vifungo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Papa alivaa miwani akaketi na kaye yangu. Alisoma kila mstari, kidole kikishuka polepole. Nikaanza kuona tumaini. Halafu kidole kikasimama katikati, mahali tarehe ziliporuka, akaishika kaye kwa mgongo na kuitikisa. Ukurasa mmoja wa mbele ukaanguka sakafuni. Nani angeniambia mimi kwamba kurasa za kaye zimeshikana mbili mbili, ukiung'oa mmoja mwenzake analegea?

"Huyu alikuwa na pacha," Papa alisema. "Pacha yake iko wapi?"

"Ilichafuka, Papa."

"Nsimire."

Niliuleta nikilia. Bahati alikuwa mlangoni, akinitazama, na sikuweza kumtazama yeye. Nilijua nimekwisha kumwangamiza. Papa alisoma kwa sauti: "Bahati kumi, mimi kumi." Kisha kidole chake kikasogea mpaka kwenye maelezo.

"Komunyo kwa nani?"

"Kwa majirani, Papa."

"Walifanya nini?"

"Walikula, waliimba. Walitundika karabai ku mupaka, pale."

Papa aligeuka akautazama ukuta wa mpakani ilipotundikwa ile taa kali, ukuta mfupi, umbali wa hatua tano kutoka pale nilipokuwa nikitandaza kitenge. Akavua miwani.

"Leta bifungo," alisema.

Jioni ile alitawanya mwenyewe. Bahati aliokota kimoja. Papa akawasha taa ya chemni, akaisogeza karibu kabisa: kumi. Akaiondoa: sifuri. Akairudisha: kumi. Alifanya hivyo mara tatu, abacost yake ikiburuza udongo, na kila mara aliniamuru niandike.

"Uvivu haijue taa," alisema hatimaye, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Akapiga magoti juu ya kitenge, akakunja suruali ya Bahati, akapitisha vidole juu ya makovu, moja moja. "Mutoto wangu, unisamehe."

Sikuwahi kumwona baba yeyote mtaani kwetu akimwomba msamaha mtoto wa miaka minane. Maman alikimbilia jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akarudi na tonge la bugali. "Gandisha karatasi yako," aliniambia. Luhwindja haikutajwa tena.

Masista wa zahanati walimpa Bahati mafuta ya samaki kwa miezi mingi. Hakuna kilichobadilika. Nikaapa kwamba nitatazama mimi mwenyewe ndani ya macho yale nijue kuna nini. Watu walicheka, msichana asome ualimu, aolewe. Nilisoma, nikakataliwa, nikaomba tena, nikaenda mbali. Leo najua. Retina ina chembe za aina mbili, za mwangaza na za utusitusi. Za utusitusi za Bahati zilikuwa zinakufa kidogo kidogo, nazo zikisha, za mwangaza hufuata. Kwa nini zinafuata ndiyo kazi yangu ya kila siku. Dawa ya kumrudishia ndugu yangu macho sijaipata, na inaniuma, tena sana. Sijaacha.

Bahati sasa haoni kabisa. Anafundisha katekisimu Bukavu, bado anakaa katika nyumba yetu ileile, na wanafunzi wake wanamwogopa kwa sababu anasikia hata karanga ikimenywa. Nikienda kumtembelea nabeba kaye, maana huitaka. Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ukurasa ule ni wa thamani kwa sababu ulimshawishi Papa, na kwamba wasithubutu kutupa siku inayowaudhi. Ni kweli. Lakini safari iliyopita nilianza kumsomea Bahati kutoka mwanzo, viwili, sifuri, kimoja, akanishika mkono.

"Hapana, yaya. Ile ya Kupaa."

Nikasoma. Akatabasamu, uso ukielekea kule ulikokuwa ukuta wa majirani.

"Ile siku nilifurahi, yaya," alisema. "Na wewe ulinikasirikia."

Mtoto yule hakuwa akirukaruka kwa ajili ya Luhwindja wala ushahidi wangu. Alikuwa ameona vifungo kumi jioni, kama watu wengine, na mimi nikauchana ukurasa wa siku ile. Nilimwomba msamaha, nimechelewa miaka yote hiyo. Akacheka, akaniambia nisome tena.

Nikasoma tena, polepole: "Bahati kumi, mimi kumi."