Panga Nane Kwenye Meza ya Kasyoki

Kasyoki, mjane wa Nyamai na mama wa binti mmoja, Kalunde, aliendesha hoteli ndogo ya chai na muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, pale Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kwa miaka kumi na mmoja aliiendesha peke yake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwamini mtu moja kwa moja. Maziwa aliyaonja mbele ya muuzaji. Unga aliopimiwa dukani aliupima tena jikoni. Mteja akimsifia chapati, alimtazama akijiuliza anataka nini.

Jumatatu moja basi la Mombasa liliharibikia karibu na hapo, abiria wakaingia kutafuta chai. Msichana mmoja mwenye miwani alikaa pembeni akisoma kitabu. Alipomaliza alimtazama Kasyoki, akatabasamu, akashukuru na kwenda zake. Kasyoki alipoinua sahani yake akakuta kadi chini yake, ndefu kuliko karata za kawaida. Ilikuwa na picha ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, kamba zimemzunguka mwilini, na nyuma yake panga zimechomekwa ardhini. Akazihesabu. Zilikuwa nane.

Akakaa. Marehemu mumewe alikuwa na ndugu wanane. Tangu baba mkwe wake azikwe mwaka uliopita, wanane hao walikuwa wakikutana kuhusu shamba lake la Mbumbuni. Munyao, kitinda mimba wao, alimpigia simu kila baada ya siku mbili. "Shemeji, Alhamisi usikose. Beba kitambulisho na cheti cha ndoa." Mara tatu Kasyoki alikuwa amesingizia ugonjwa. Alijua kwamba akienda atawekewa karatasi atie sahihi, na kwamba asipokwenda hawana la kufanya. Tena, kitinda mimba ana haraka gani ya kumwona?

Sasa hii kadi. Kwa nini yule msichana alimtazama vile? Nani alimtuma?

Wanawake wa kanisani hakuwaonyesha, kwa maana wangeichoma na kukesha wakiomba wiki nzima, na habari ingefika Mbumbuni kabla ya Jumapili. Aliificha ndani ya leso, akavuka kwenda kwa Ilham, binti aliyekuwa akitengeneza simu kwenye kibanda cha jirani.

"Hii ni ya uganga," Kasyoki alisema kwa sauti ya chini. "Niambie ni ya kuua ama ni ya kufunga biashara."

Ilham aliigeuza, akaipiga picha, akasoma kwenye simu yake kwa muda. "Mama Kalunde, hizi ni kadi za Wazungu za kubashiri. Hii inaitwa Panga Nane. Mimi siziamini, na nyumbani wakinikuta nayo nitaulizwa. Lakini wanaandika kwamba ni mtu anayeona amefungwa, na kamba zenyewe zimelegea. Kinachomshika ni hofu."

"Hofu ya nini? Mimi simwogopi mtu." Kisha akamkazia macho. "Na wewe, mbona umeipata haraka hivyo?"

"Si nimeuliza simu?" Ilham alimrudishia kadi. "Hebu angalia mwenyewe. Miguu haijafungwa. Na mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Huyu akitaka kutembea anatembea."

Kasyoki aliangalia. Alikuwa amezihesabu zile panga mara nyingi na hakuwa ameiona miguu. Hakumshukuru Ilham. Alirudi jikoni, akaitia kadi kwenye jiko la makaa, akasimama mpaka ilipokuwa majivu.

Alhamisi alifunga hoteli, akavaa miwani yake ya kusomea shingoni na kwenda Mbumbuni.

Ndugu wote wanane walikuwa wameketi nyumbani kwa Mulinge, kifungua mimba, mwalimu mstaafu. Alipomwona Kasyoki mlangoni, Mulinge alianza kukunja karatasi iliyokuwa mezani.

"Nipe nisome," Kasyoki alisema.

"Ni barua ya kumpelekea chifu tu, ya kuonyesha warithi. Hata haihitaji sahihi yako."

"Ndiyo nataka kuisoma."

Aliisoma akiwa amesimama. Kwenye jina la Nyamai waliandika: alifariki bila mke wala mtoto. Chini kulikuwa na sahihi saba. Mstari wa nane, wa Munyao, ulikuwa mtupu.

Kumbe kule kukaa kwake mbali, alikodhani ndiko kunawazuia, ndiko kulikokuwa kukiwasaidia. Na yule aliyekuwa akimwogopa kuliko wote ndiye peke yake aliyekataa.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Munyao walipotoka nje.

"Ningekuambia kwa simu ungeniamini?"

Kasyoki alifungua mkoba wake, akatoa vyeti. Walirudi ndani, akaweka cheti cha ndoa mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Kalunde, na hakuinuka mpaka barua ilipoandikwa upya, jina lake likiwa mahali pake na la binti yake chini yake. Mulinge alitia sahihi wa mwisho, bila kumtazama.

Mvua za Novemba alipanda ndengu kwenye ekari mbili alizopimiwa Mbumbuni. Kesi ya mirathi ingali inaendelea, na yeye hufika mahakamani kila tarehe, hata asipoitwa.

Munyao akipita Kambu humpitia hotelini. Siku moja Kasyoki alimwekea nyama ya kuongeza, akaketi mbele yake.

"Kuna msichana wa miwani ulimtuma hapa?"

"Msichana gani?"

Alimchunguza usoni kwa muda mrefu. Akamwamini, nusu hivi. Kisha akaenda kuangalia kama muuzaji wa maziwa ametia maji.