Cherehani Haitoki

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwetu, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni. Dada yangu alimwita Kobe.

Kisa ni ule mguu. Katikati ya mshono ulikuwa unasimama, kichwa kinainama. Akianza tena, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajikusanya, kinabaki kifundo.

"Kobe, umelala tena," dada alimwambia siku moja, gauni lake mkononi. "Tazama uchafu huu kwenye pindo."

"Wifi, polepole ndio mwendo. Mbio zako zimekufikisha wapi?"

Wateja walicheka. Dada hakucheka. Akautangazia mtaa mzima kwamba kaka yake kaoa mvivu.

Nikampeleka zahanati. Walimshika mkono, wakasema mapigo ya moyo wake ni ya polepole kama ya mkimbiaji. Tukarudi tunacheka.

"Si nakanyaga pedeli kutwa?" akasema. "Nimefika mbali."

Kisha akaanguka, pasi ikiwa mkononi. Hospitali daktari akanieleza.

"Mzee, moyo wa polepole si ugonjwa kila mara. Wa mkimbiaji una nguvu. Pigo moja linasukuma damu ya kutosha. Wa mkeo, umeme wa mwilini unaoupigisha unakatika. Ukikatika, damu haifiki kichwani. Alikuwa anazimia?"

"Watu wanasema anasinzia."

"Hakuwa anasinzia."

Wangemwekea kifaa cha kuukumbusha moyo kupiga. Moyo haukusubiri.

Udongo wa kaburi haujakauka, dada akaja na mtu wa mkokoteni. Amevaa gauni lile lile.

"Kaka, cherehani nampelekea binti yangu. Yeye angalau hatailalia."

Niliinama, nikashika pindo lake, nikatafuta kile kifundo. Nikamshikisha.

"Unakijua hiki?"

"Si ule uvivu wa marehemu, Mungu amrehemu?"

"Hapo moyo wake ulisimama. Akazimia. Akazinduka, akakumalizia gauni."

Alikipapasa.

"Mimi si daktari, kaka. Ningejuaje?"

"Hukujua. Lakini ulisema."

Nikamgeukia mtu wa mkokoteni. "Rudi, baba. Hapa hakuna mzigo."

Dada akaanza kulia. Alitaka aingie ndani, akae. Nikaziba mlango.

"Usinililie mimi. Nenda mtaani, nyumba zile zile. Waambie hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa. Ukimaliza ya mwisho, ndipo uje ukae."

Nikafunga. Mpaka leo hajaja. Cherehani ipo.