Viganja Viwili Kwenye Gauni Jeupe

Hadi leo kuna jamaa za mume wangu ambao hunisalimu kwa heshima zote kisha, nikigeuka, hutazama gauni langu kwa nyuma, nami siwalaumu, kwa sababu aibu ile niliivaa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka chuo cha ualimu, ninafundisha Mikindani, na mchumba wangu Anselmi ameamua kunipeleka kwa mjomba wake (kwa Wamakonde, mjomba asipokukubali, ndoa hakuna). Mzee huyo aliishi na mkewe tu juu ya kilima, ndani kabisa ya mikorosho, na msimu wa mabibo watu walipanda kutoka hata Msimbati kuja kuonja uraka wake, kinywaji cha maji ya mabibo yaliyokamuliwa: ule wa asubuhi, mtamu kama sharubati, kwa korosho za kuchoma, wa jana, wenye ukali kidogo, kwa ming'oko ya kuchemsha (viazi vya porini), na wa juzi, ambao hauonjwi kabla pweza mkavu hajatangulia tumboni.

Desturi ya pale ilikuwa mgeni akamue mabibo kwanza, ndipo aonje. Mke wa mjomba akaniletea kaniki.

"Jifunge, mwanangu. Mabibo hayana urafiki na nguo."

Nikamshukuru, nikakataa. Gauni langu jeupe nililishona mwenyewe, nami nilitaka mjomba alione (ujana!). Nikakamua kwa bidii, maji yakinichuruzika hadi viwikoni, na kila nilipoona hakuna anayetazama nikavikausha viganja kwa kuvibandika nyuma, palepale pa kukalia, kisha nikakagua: jeupe pe.

"Mama, kazi ni utaratibu tu," nikajigamba.

"Haya, mwalimu," akajibu, akiuma mdomo.

Nilijua, kama ajuavyo kila mtu, kwamba mabibo huchafua. Nisilolijua ni kwamba doa lake halina haraka, hungoja likauke ndipo lijitokeze, la kahawia, la kudumu. Kwa hiyo tulipofika kwenye uraka wa jana, nami nimekwishachangamka, niliinuka kumpakulia mjomba ming'oko kwa adabu zote, wageni wengine waliokuja kuonja nimewapa mgongo, na ghafla maongezi yakakatika.

Mjomba akachungulia kilichowanyamazisha. "Anselmi," akaita taratibu, "mikono iliyomshika mke ambaye hujapewa bado, ni ya nani?"

"Haki ya Mungu, mjomba, si mimi!"

"Basi ni ya mkorosho!" akadakia mgeni mmoja.

Nikapinda shingo, nikaona: viganja viwili, kulia na kushoto, vidole vyote vimetanuka. Maneno yasingeniokoa, maana kila aliyekosa huwa nayo. Basi nikawageuzia mgongo wote, mjomba mtarajiwa akiwamo, nikaweka mikono yangu juu ya zile alama, kidole kwa kidole.

"Vinaingia!" akapiga kelele mke wa mjomba, ameinama kuhakiki. "Jamani, hata gumba limeingia!"

Mjomba alicheka mpaka uraka ukamtoka puani. Alipopata pumzi akanimiminia wa juzi kwa mkono wake. "Mwoe huyu, Anselmi. Aliyejitetea hivi mbele ya watu, atashindwa kukutetea wewe?"

Gauni halikutakata kamwe. Nami tangu siku ile nikinawa mahali popote huipunga mikono hewani mpaka ikauke, na wanafunzi wangu, wasiojua lolote, huniiga wakidhani ndivyo wanavyofanya watu waliosoma.