Simu ya Bure

Kazi ile Asali aliichukia kama kiatu kinachombana, na kila asubuhi alikivaa tena. Jina la Asali alipewa na wenzake kwa ajili ya sauti yake: mteja apige simu anafoka, akishaongea naye kidogo tu, anaomba radhi mwenyewe. Kampuni ile kubwa ya simu ilimkalisha kwenye ukumbi usio na dirisha. Kwenda chooni mpaka unyooshe mkono. Simu yako unaifungia kabatini, mlangoni. Na mkataba? Miezi mitatu mitatu, mwaka nenda mwaka rudi, kama mpangaji asiyeaminika.

Jioni hasira zote alimmwagia mama yake, maana waliishi wawili tu. Mama akamwambia mvumilivu hula mbivu. Asali akamjibu kwamba mbivu wanakula mabosi, wao wanaachiwa makokwa. Mama alicheka mpaka akakohoa. Ndipo Asali akamtania: akiishiwa salio, apige namba ya bure ya huduma kwa wateja, bahati ikipenda atampata yeye. Mama hakuona utani hapo. Aliishika ile namba kichwani.

Siku ya kuchagua wa kuajiriwa moja kwa moja, msimamizi alikaa nyuma ya Asali, kifaa masikioni, akisikiliza kila simu yake. Na sheria ilijulikana: mhudumu akikutwa anaongea na ndugu yake, anafukuzwa palepale, hakuna cha samahani. Simu ikaingia. Kabla hajamaliza salamu za kampuni, alishaijua ile pumzi.

"Nimeanguka bafuni," mama alisema. "Mguu hauendi. Na mlango nimeufunga kwa ndani."

Jamani, mtu na akili zake angetupa kila kitu akakimbia. Asali aliwaza mkataba, akawaza miaka yote aliyodhalilika pale, akamsikia msimamizi akipumua nyuma ya shingo yake. Ukimwita mwoga hujakosea.

"Pole sana, mteja wetu," alisema kwa sauti ileile tamu. "Tatizo lako haliko kwenye huduma zetu. Kuna lingine nikusaidie?"

Mama akajibu:

"Hakuna, mwanangu. Endelea na kazi."

Msimamizi hakushtuka, maana wazee wote humwita mhudumu mwanangu. Alimpiga Asali begani kumpongeza. Asali akanyoosha mkono kuomba kutoka, akaambiwa asubiri mapumziko, foleni ya wateja ni ndefu. Naye akasubiri, mjinga yule. Alipofika nyumbani na kuuvunja mlango wa bafu, mwili wa mama ulikuwa umeshapoa.

Ajira alipata, tena na cheo juu: mkufunzi. Wakubwa walikuwa wameipenda mno simu ile, wakaamua kila kundi la wafanyakazi wapya liisikilize, wajifunze kumkatalia mteja bila kumkwaza. Wa kuwawekea rekodi ni nani? Asali. Amewawekea wengi sasa, na mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi.

Juzi binti mmoja wa kiti cha mbele akauliza yule mama aliishia wapi.

"Alikufa," Asali alisema. "Alikuwa mama yangu."

Darasa zima likaangua kicheko, likidhani ni utani, kwa jinsi alivyosema kwa sauti tamu.