Shikamoo ya Maiti

Mama yangu alikuwa haitikii shikamoo za mchumba wangu. Akiamkiwa anaguna tu, "Mh," kisha anageukia ziwa, maana kwetu ni Nansio, kisiwani, na ziwa halikosekani. Kosa la mwenzangu? Kuigiza. "Mtu wa kujifanya," alisema mama, "utajuaje siku akikupenda kweli?" Na bila marahaba yake, ndoa ya kanisani ningeisikia kwa jirani.

Nikamshawishi avuke kuja Mwanza aone mchezo wenyewe. Kilikuwa kichekesho cha zamani, cha tajiri anayejifanya amekufa ili ajue nani atamlilia. Ukumbi wa kanisa, Mabatini, Jumapili mchana, joto la kuanikia dagaa. Jeneza lilikuwa la kweli. Waliliazima kwa fundi seremala, naye akakaa mstari wa mbele kulilinda lisikwaruzwe. Mchumba wangu ndiye maiti. Mimi na mama tukakaa ubavuni mwa fundi.

Basi, mjane wa kwenye mchezo akaingia, akaliona jeneza, akaanza kuserebuka. Watu wakavunjika mbavu. Mama hakucheka hata kidogo. "Msiba gani huu hauna hata mtu wa kulia?" Kabla sijamshika kitenge, huyo! keshapanda jukwaani, mikono kichwani, anaomboleza kwa Kikerewe. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Na kina mama wa Mabatini si unawajua: hawawezi kumwacha mtu mzima alie peke yake. Wakapanda mmoja mmoja, wakaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti zote za kwaya. Mjane akasahau maneno yake, akalia nao. Fundi akawa anapiga kelele, "Msiegemee! Vanishi haijakauka!"

Chozi la mama likamdondokea maiti puani. Maiti akafumbua jicho moja, akamwona mkwe juu yake, mchezo wote ukamtoka kichwani.

"Shikamoo, mama."

Watu wote wakamgeukia mama, hata fundi.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, akajifuta pua kwa kitenge. "Haya, lala ufe, watu wanasubiri."

Jioni, tukielekea kwangu, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, mama, mbona leo umemwitikia?

"Siku zote aliniamkia kwa sababu anamtaka binti yangu," akasema. "Leo alikuwa ameshakufa, na bado akakumbuka adabu."