Kikao cha Mtu Mmoja

Siku Dar es Salaam ilipozimika umeme, mimi nilikuwa mjini Same, nimekaa mgahawani, simu imejaa chaji. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo mdogo wangu wa kiume ananiangalia kana kwamba niliuzima mimi.

Tumezaliwa watatu. Wazazi walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili na shamba la tangawizi huku juu milimani, Pare Kusini. Tangawizi ilimsomesha wa kiume mpaka akawa mwanasheria, ikamsomesha kitinda mimba mpaka akapata kazi benki. Wote wakahamia Dar. Walipokwisha kuelimika, wakagundua kwamba shamba halina faida.

Sisi Wapare tunapenda vikao, na kikao bila katiba tunakiona ni umbea tu. Basi mwanasheria wetu akatuandikia katiba ya familia: wanachama watatu, ibara kumi na tisa. Ibara ya nne ilisema vikao vitafanyika kwa video kwenye simu, na mwanachama ambaye hataingia ndani ya nusu saa atahesabiwa kuwa amekubaliana na waliopo, hata wakiwa wachache namna gani. Kila mmoja wetu alijua nani ndiye mwenye mtandao wa kubahatisha.

Kikao cha kwanza kilikuta mvua ya siku tatu imeuangusha mtandao wetu wa huku juu. Ulipotengemaa nikakuta wameazimia atafutwe mnunuzi wa shamba, na mimi nimekubali. Nikampigia mwanasheria.

"Mdogo wangu, mimi nimekubali saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu, dada. Iko kwenye muhtasari."

"Mtandao haukuwepo!"

"Pole sana dada, lakini kanuni ni kanuni. Ungeshuka Same."

Kikao cha pili kikapangwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Ajenda ilikuwa moja: kuuza shamba, pamoja na migomba ambayo nyuma yake wamelala baba na mama. Mnunuzi alishapatikana, alikuwa anasubiri jibu tu. Nilijua kura zitakuwa mbili kwa moja. Hata hivyo asubuhi nilivaa gauni la kanisani, nikapanda bodaboda, nikashuka Same. Kama nashindwa, nishindwe nikiwa nimehudhuria.

Nikaagiza makande katika mgahawa ulio karibu na stendi. Saa nane na nusu hivi, televisheni ya pale ikatangaza kwamba umeme umekatika jiji zima la Dar es Salaam na hata simu hazishiki vizuri. Mtangazaji alikuwa na sauti ya msibani. Akasema lifti zimesimama, watu wanapanda ghorofa kwa miguu.

"Maskini!" akasema mama mwenye mgahawa. "Kwa miguu kabisa!"

"Sisi juzi tumekaa siku mbili bila umeme," akasema mteja mmoja mwenye mashine ya kusaga. "Nani alitutangaza?"

"Kwani wewe una lifti?"

"Nina foleni ya akina mama wenye mahindi vichwani!"

Saa tisa kamili nikafungua kikao. Kwenye kioo cha simu nikauona uso wangu peke yake. Nikampigia wa kiume, hapatikani. Nikampigia kitinda mimba, hapatikani. Mama mwenye mgahawa, ambaye nilikuwa nimeshamsimulia yote, akaja na kitambaa chake kuchungulia.

"Wako wapi hao wasomi?"

"Gizani."

"Basi umeshinda, dada yangu. Pitisha!"

Sikupitisha. Nusu saa ikaisha, nikawaongezea dakika kumi ambazo hazimo kwenye katiba. Nimezoea kuwasubiri hao. Walipokuwa wadogo sikuwahi kupakua chakula kabla hawajatoka shule. Kisha nikaandika kwenye kundi letu la familia simuni: "Mahudhurio: mmoja. Ajenda: kuuza shamba. Aliyepo amekataa. Wasiokuwepo wamekubaliana naye kwa mujibu wa ibara ya nne. Shamba haliuzwi. Kikao kimefungwa kwa sala." Na kweli nilisali, kimoyomoyo, mbele ya sahani tupu.

Kesho yake, baada ya ibada, simu ikaita.

"Dada, kile si kikao."

"Soma katiba yako."

"Umeme ulikatika! Mtandao ulikufa! Hilo ni jambo lililo nje ya uwezo wa binadamu. Sheria inalitambua."

"Na mvua ya huku ilikuwa ndani ya uwezo wangu?"

Akasema ataitisha kikao cha dharura, kura ipigwe upya. Nikamwambia aitishe, nitashuka tena. Mdomo wangu ulikuwa mgumu, moyo haukuwa. Kura mbili kwa moja bado zilikuwa mbili kwa moja, na umeme wa Dar ulikuwa umesharudi.

Jioni ile ukaingia ujumbe wa kitinda mimba, si kwenye kundi, kwangu peke yangu: "Dada, shikamoo. Hata mimi sikutaka tuuze. Kile kikao cha kwanza nilinyamaza tu, kaka akaandika nimekubali. Namwogopa akianza kutaja ibara."

Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa chini. Yaani muda wote huo kura zilikuwa mbili upande wangu, na mimi nashukuru jiji kuingia gizani!

Nikamjibu: "Marahaba. Hayo uliyoniambia mimi, yaandike kwenye kundi."

Hakujibu. Kesho yake kimya. Siku ya tatu nilikuwa shambani simu ikatetemeka mfukoni. Nikafuta udongo mkononi, nikafungua. Alikuwa ameandika maneno manne tu: "Mimi sitaki shamba liuzwe."

Chini yake mwanasheria wetu alikuwa ameanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha. Mwishowe akatuma alama ya dole gumba.