Taa ya kebo iliwaka, baba akakosa kazi: kisa cha driver ya USB Mwanza

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nikicheka na nyuzi za wenzangu. Leo naweka wa kwangu. Hauna kicheko sana, na chumvi sijatia.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu kwa nini kebo yake ya USB haisomi redio ya amateur. Mkamjibu kwa mstari mmoja: umechomeka kabla ya ku-install driver, ile programu ya kuitambulisha kebo kwa kompyuta.

Mstari huo mmoja baba yangu aliukosa.

Turudi mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimemaliza form four, niko nyumbani Mabatini, Mwanza. Baba alikuwa mpiga redio wa ginnery moja, kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Magu, kazi yake kuita vituo asubuhi na kupokea taarifa za pamba. Ginnery ikabinafsishwa, mwenye mali mpya akaja na simu zake, baba akarudishwa nyumbani.

Redio haikumtoka. Alikuwa na leseni ya amateur, wale wanaoongea na dunia kwa mapenzi tu, bila biashara. Waya wa antena ulitoka dirishani kwetu ukapanda hadi kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na jioni sauti za watu wa mbali zilitushukia sebuleni kama manyunyu juu ya bati.

Milembe ni mimi, binti yao. Mama alikuwa akisema, "Baba Milembe, waulize hao Warusi wako kama wameshakula. Maana sisi bado."

Kisha kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kikatafuta msimamizi wa mawasiliano, mtu wa kuunganisha redio na kompyuta, ujumbe utokee kwenye skrini. Mkurugenzi akamwambia baba, "Mzee, njoo Ijumaa na vyombo vyako. Nikiona maandishi, kazi ni yako. Nisipoona, kuna kijana anakuja kutoka Nairobi."

Kompyuta tulikuwa nayo, ya mtumba, Windows 98. Port ya kizamani ya nyuma, tundu la kuchomekea vyombo kama redio, ilikuwa imekufa. Ilibaki USB, kitu ambacho mjini ndiyo kwanza kilikuwa kinaingia. Duka moja la katikati ya mji lilikuwa na kebo ya USB ya kuunganishia redio, na CD ya driver ndani ya boksi.

Sasa wakuu, mnajua tunavyonunua vitu. Balbu inajaribiwa dukani. Betri unaifuata na tochi yako mkononi. Mali ikishavuka mlango, hairudi.

Kwa hiyo baba aliifunga CPU kwa kitenge cha mama, tukaipakia kwenye baiskeli, tukaipeleka dukani ili kebo ijaribiwe kwenye mashine yenyewe.

Muuzaji, Hamisi, akaazima monitor ya jirani, akachomeka kebo. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Jionee mwenyewe, mzee! Jicho la paka hilo!"

"Na haya maandishi?" baba akauliza. Windows ilikuwa inaomba driver.

"Bonyeza Next tu, mzee wangu. Maswali ya Kizungu hayo, yakichoka yataondoka."

Tukacheka. Baba akabonyeza Next, Next, Finish. Kwa mtu wa redio za zamani, taa ikiwaka chombo ni kizima. Ndivyo alivyofundishwa.

Hapo hapo mashine ikaisajili kebo kama kitu isichokijua.

Nyumbani tukaweka CD. Driver ikaingia vizuri. Tukachomeka kebo: kimya, hakuna port mpya iliyotokea. Kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, kulikuwa na alama ya njano na maneno Unknown Device. Tukazima, tukawasha. Baba akasafisha kila plagi kwa spiriti. Windows haikuuliza tena lile swali, kwa kuwa ilishajibiwa dukani.

"Baba, si tuirudishe kwa Hamisi?" nikauliza.

"Tuirudishe tuseme nini, mama? Taa si inawaka?"

Ijumaa, pale kiwandani, redio ya baba ilileta milio ya data, safi kama ndege wa alfajiri. Skrini ikabaki tupu. Baba alikuwa anazungusha vitufe ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Mkurugenzi akamgeukia yule kijana wa Nairobi, aliyekuwa ameshafika. Kijana akafungua Device Manager, akafuta ile ya njano, akachomoa kebo, akaweka CD upya, akaizima mashine na kuiwasha, ndipo akachomeka.

Herufi zikaanza kudondoka kwenye skrini. Redio ya baba. Kebo ya baba.

"Umeona, mzee? Kitu kidogo tu," mkurugenzi akasema.

"Kweli, bosi."

"Ila getini nahitaji mlinzi. Wewe redio ya mkononi hakuna wa kukufundisha."

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba akauliza zamu inaanza saa ngapi.

Alilinda geti lile mpaka magoti yalipokataa.

Funzo, wakuu: driver kwanza, kebo baadaye. Ukishakosea, fanya kama yule kijana. Funzo la pili ni chungu. Tuliambiwa soko huria litampa nafasi kila mwenye ujuzi. Baba alikuwa na sikio lililochukua nusu ya maisha yake kulinoa. Alichokosa ni kujua kipi kinatangulia, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumngoja ajue.

Kama mzazi wako naye aliangushwa na kitu kidogo namna hii, andika hapa chini, nitasoma zote. Za kumcheka mzee, pelekeni uzi mwingine.